Michezo ya Video ya Watungaji Wadogo: Tuipime kwa Mizani Gani?

Katika majumba yetu ya pwani mna kauli mbili juu ya michezo ya video, na zote mbili ni za watu wasioitazama. Ya kwanza ni ya mzee asemaye kwamba yote ni upuuzi, haina tafauti baina yake, na atakayeonekana ameshika simu kwa mchezo apokonywe. Ya pili ni ya mzazi aliyechoka, ampaye mtoto simu ili nyumba itulie, wala asiulize mtoto afanya nini humo ndani. Wa kwanza amehukumu bila ya kusikiliza shahidi. Wa pili ameikimbia hukumu. Na baina yao mtoto yuko peke yake na kioo chake.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Watoto hunijia kila siku na yale waliyolala nayo vichwani, na aghalabu huwa ni mchezo. Kwa hivyo katika miezi iliyopita nimekaa na wajukuu na baadhi ya wanafunzi wakubwa, wao wakicheza nami nikitazama, na mara nyengine kifaa kikiwa mikononi mwangu mwenyewe. Niliyoyaona humo ndiyo nitakayoyaeleza hapa, mema yake na mabaya yake.

Sikusudii kusema juu ya michezo mikubwa mno ya makampuni makubwa. Mwaka 2023, katika kesi iliyosikilizwa Marekani, karatasi za kampuni ya Sony zilionyesha kwamba mchezo wake mmoja, The Last of Us Part II, uligharimu dola milioni 220. Mwenye kutia mali kama hiyo huogopa kusema jambo jipya, kwani akikosea huanguka na wengi. Lakini iko michezo mingine, ya mtungaji mmoja aliyejifungia chumbani mwake, au ya kampuni ya kadiri yenye watu makumi tu. Hawa wana mali ndogo, na kwa hiyo huthubutu. Na katika kuthubutu huko ndimo yalimo mazuri yao na mabaya yao. Michezo yao mingi ni ya bei nafuu, na mingi imekwisha ingia katika simu. Mtoto wa Mombasa au wa Unguja aweza kuipata bila ya kutoka barazani.

MIZANI YENYEWE

Kabla hatujapima, tujue twapima nini. Hadithi na mchezo si kitu kimoja. Msomaji wa hadithi huambiwa kwamba fulani aliiba. Mchezaji huiba yeye, kwa kidole chake, baada ya kuamua. Sisemi kwamba aliyeiba mchezoni ni mwizi, hasha. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Mwanafunzi wa ubao huandika alifu mara mia, si kwa kuwa alifu ya mia yasema zaidi ya alifu ya kwanza, bali kwa kuwa mkono hujifunza kwa kurudia. Na mchezo wa video ni kitu cha kurudia kuliko vyote.

Basi mimi naupima mchezo kwa maswali matatu. La kwanza: mkono wa mchezaji wafanya nini humo, saa baada ya saa? La pili: mali yatoka vipi, mara moja kwa bei iliyo wazi, au kidogo kidogo kwa hila? La tatu: mchezo wajua kumwachia mtu aende zake? Uzuri wa picha, utamu wa sauti na sifa za magazetini ni mambo ya baadaye.

AFISA WA MPAKANI

Mchezo wa kwanza waitwa Papers, Please. Ulitungwa na mtu mmoja, Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akikaa Japani, ukatoka mwaka 2013. Kwa sura hauvutii hata kidogo: rangi ni za majivu, na nyuso za watu ni kama zimechongwa kwa shoka. Mchezaji ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Kazi yake ni kutazama pasipoti, kulinganisha majina na tarehe, kisha kugonga muhuri wa ruhusa au wa kukataa. Hulipwa kwa hesabu ya watu aliowapitisha dirishani pake. Makosa mawili ya kwanza ya siku huonywa tu. La tatu hukatwa katika ujira. Jioni huletewa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, joto la nyumba. Ana mke, mtoto, mama mkwe na ami yake, na mmoja wao akiugua kuna dawa ya kununua.

Siku moja apita mwanamume mwenye karatasi zote. Akisha gongewa muhuri asema: mke wangu yuko nyuma yangu, mfanyie wema. Mke aja, na karatasi moja hana. Ukimrudisha, umemtenga na mumewe. Ukimpitisha, imeandikwa kosa juu yako, na huenda usiku mtoto wako akalala na baridi. Mchezo haukwambii lipi ni jema. Hauna mlio wa kukusifu wala wa kukulaumu. Foleni yangoja.

Hapa nimeona kitu ambacho vitabu vingi vya maadili hukitafuta kisikipate. Mtu huambiwa tangu utotoni kwamba dhuluma ni ya watu waovu. Mchezo huu waonyesha kwamba dhuluma haihitaji mtu mwovu. Yatosha mtu wa kawaida mwenye kodi ya nyumba na foleni ndefu mbele yake. Kijana mmoja wa miaka 17, mwanafunzi wangu, alicheza nusu saa kisha akanyamaza, akasema: sasa nimejua kwa nini yule mtu wa ofisini hakututazama usoni. Sikuwa na haja ya kuongeza neno. Na mchezo wenyewe una mwisho: siku 31, kisha hukumu ya uliyoyatenda, na miisho yake ni 20 kwa namna mbalimbali.

Kasoro zake mbili nazitaja. Kwanza, imo mashine ya kupekua mwili inayoonyesha watu walio uchi. Mtungaji ameweka mahali pa kuizima picha hiyo katika mipangilio, na mzazi aizime kabla ya mchezo kuanza, si baada yake. Pili, kanuni za ukaguzi huzidi siku hadi siku mpaka mchezaji akawa haoni tena mtu, aona tarehe na mihuri tu. Huenda mtungaji alilikusudia hilo. Hata hivyo nusu ya pili yachosha, na mwenye haraka ataiwacha kabla ya kufika palipo na faida.

RAIA KATIKA VITA

Michezo ya vita ni mingi kama mchanga, na karibu yote humpa mchezaji bunduki na adui. Kampuni ya 11 bit studios ya mji wa Warsaw, nchini Polandi, ilitoa mwaka 2014 mchezo uitwao This War of Mine ambao ulimpa mchezaji nyumba iliyobomoka na watu watatu wenye njaa. Hawa si askari. Mmoja ni mpishi, mmoja mwandishi wa habari, mmoja mchezaji mpira. Mji katika mchezo una jina la kubuni, lakini watungaji walichukua mfano wa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, uliozingirwa tangu 1992 hadi 1996. Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka habari hizo: miaka karibu minne watu wakichota maji chini ya risasi, na waliozikwa wengi wao ni ndugu zetu.

Mchana huwezi kutoka kwa sababu ya walenga shabaha. Wachonga kitanda, watengeneza jiko, waziba matundu ya ukuta. Usiku mmoja wao hutoka kutafuta chochote. Na miongoni mwa nyumba anazoweza kuzifikia imo ya mzee na mkewe, vikongwe wawili wasio na silaha. Wana chakula na dawa. Mzee atakufuata chumba kwa chumba akikuomba usimchukulie. Hakuna wa kukuzuia.

Msemo wetu wasema kwamba mwenye njaa hana miiko, nasi husema hivyo kama kwamba tumemaliza maneno. Mchezo huu haukubali kuwa yamekwisha. Aliyeiba hurudi na chakula, wenziwe wakala, lakini asubuhi yeye ameketi na kichwa mikononi, afanya kazi polepole, na huzuni ikizidi yaweza kumvunja kabisa. Na kinyume chake: watoto hubisha mlango kuomba dawa ya mama yao, na ukiwapa kile ulichokuwa nacho, ile nyumba yenye njaa huwa na nuru. Mkono hapa hufunzwa kwamba kitendo kina uzito, hata kama hakuna askari wa kukukamata.

Mwezi wa Juni 2020 waziri mkuu wa Polandi, Mateusz Morawiecki, alitangaza kwamba mchezo huu utaingizwa katika orodha ya masomo ya ziada ya shule, kwa wanafunzi waliotimia miaka 18. Tuangalie masharti hayo ya umri. Waliousifu ndio hao hao waliosema si wa watoto wadogo, nami nakubaliana nao.

Kasoro yake ni hii. Mchezaji akisha kuzoea, huzuni yenyewe yageuka kuwa hesabu. Ajua kwamba mwenye majonzi atatulizwa na mazungumzo, au sigara, au chupa ya pombe, basi huiba kwanza na kununua utulivu baadaye. Majuto yanayotibiwa kwa chupa si majuto. Ni maumivu yaliyofunikwa kitambaa. Mzazi akicheza na kijana wake, hapa ndipo pa kusimama na kuzungumza.

DADA NA NDUGUYE

Miongoni mwa michezo ya mali ya kadiri, uliosifiwa sana ni A Plague Tale: Innocence, wa Asobo Studio ya mji wa Bordeaux, Ufaransa, uliotoka mwaka 2019. Zama zake ni za tauni kubwa ya Ulaya, mwaka 1348. Msichana Amicia, wa umri wa miaka kama 15, akimbia na nduguye Hugo mwenye miaka 5. Nyuma yao kuna askari, na kila penye kiza panya maelfu kwa maelfu. Picha zake ni nzuri kiasi cha kumfanya mtu asahau kwamba kampuni iliyotengeneza si kubwa. Na kina jambo moja la kupendeza: kiko kitufe cha kumshika nduguyo mkono. Ukimwachia muda akiwa mbali, mtoto hutaharuki. Nimeona binti mdogo akicheza, na mkono wake wa kushoto ukawa umemshika kakake aliyeketi ubavuni, bila ya kujua.

Lakini hapa ndipo ile mizani yetu ina kazi. Mara ya kwanza Amicia anapomuua mtu kwa kombeo, kwa kujitetea, hutetemeka na kulia. Hadithi yasema: kuua ni jambo zito. Vizuri. Kisha mchezo wampa askari wa pili, wa kumi, wa hamsini, na jiwe lile lile huruka, na mchezaji hupongezwa kwa shabaha. Ulimi wa mchezo wasema nafsi ni nzito; mkono wa mchezo wasema jiwe ni jepesi. Na kila palipo na ugomvi wa ulimi na mkono, mtoto huufuata mkono. Mwisho wake nao waporomoka kuwa vita vya miujiza ya panya dhidi ya panya, kana kwamba watungaji hawakuamini kwamba dada na nduguye wangetosha kuishikilia hadithi. Wangetosha. Kazi nzuri, iliyoogopa unyenyekevu wake yenyewe. Nao pia umewekewa umri wa miaka 18, kwa damu iliyomo.

SHAMBA LA BABU

Sasa tuje kwenye mchezo ambao akina mama wengi wauona na kuupenda: Stardew Valley. Mtungaji wake, Eric Barone wa upande wa Seattle, Marekani, aliufanya peke yake zaidi ya miaka minne, michoro na muziki na kila kitu, akautoa Februari 2016. Hadi mwisho wa 2024 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 41, na nyongeza alizozitia baadaye alizitoa bure kwa walionunua. Kwa swali letu la pili, la mali, huyu ni mfanyabiashara wa kuigwa: bei moja, iliyo wazi, hakuna mkono wa pili mfukoni mwako.

Habari yake ni mtu aliyechoka na kazi ya kampuni, akarithi shamba la babu yake lililoota magugu. Hulima, humwagilia, hufuga, huvua samaki, hujenga upya jumba la kijiji lililowachwa. Mtoto hujifunza kwamba mbegu ina siku zake, na kwamba aliyepitiwa na msimu huvuna majani makavu. Hayo ni mafunzo mema, na sisi wenye mashamba ya minazi yanayoota magugu kwa kukosa wa kuyashughulikia tungefanya vyema kuyasikia.

Yako matatu ya kusemwa. La kwanza, humo baa ya kijiji ndiyo baraza, na mwenye shamba akitaka faida kubwa hukamua matunda yake kuwa mvinyo. Haishurutishwi, anayetaka atasindika achari na jamu. Lakini mzazi asidhani kwamba kwa kuwa kuna kuku na maua basi hakuna pombe. La pili, mapenzi ya jirani hupimwa kwa nyoyo zinazojazwa na zawadi: mpe mtu akipendacho mara mbili kwa wiki, naye atakuwa sahibu yako. Ujirani wetu hauko hivyo. Jirani wa kweli huenda hujampa kitu, lakini ulikwenda mazikoni kwake. Mchezo unaotaka kusifu kijiji umekifanya kijiji kuwa duka.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni la kumwachia mtu aende zake. Siku moja ya mchezo ni kama dakika 14, na kwenye kompyuta kazi ya siku haihifadhiwi mpaka mtu wako alale. Nilimwambia mjukuu azime. Akasema: babu, ngoja nilale kwanza. Nilipofahamu kwamba usingizi wenyewe ni wa yule mtu wa mchezoni, siku nyengine tatu zilikuwa zimekwisha pita. Mwanzo wa mwaka wa tatu roho ya babu wa mchezoni huja kukupima, na wengi wangedhani ndio mwisho. Walakini shamba laendelea bila kikomo. Hakuna uovu hapa. Lakini bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni usiku wa mtoto.

UZURI WA MKAKASI

Nimesema michezo yenye sura mbaya yaweza kuwa na moyo mzuri. Kinyume chake kipo. Mwaka 2022 kampuni ndogo ya Australia, Massive Monster, ilitoa Cult of the Lamb. Ukiutazama kwa mbali ni mchezo wa watoto: mwanakondoo mwenye macho makubwa, sungura, vipepeo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanakondoo huyo alichinjwa kisha akarudishiwa uhai, na deni lake ni kuanzisha kundi la waabuduo kwa jina la aliyemwokoa, kiumbe aliyefungwa minyororo. Mchezaji huwahubiria, huwapikia, huwafunga jela, na akitaka huwatoa kafara. Ibada yao hukusanywa kama mapeni na kununuliwa majengo.

Watetezi wake husema ni dhihaka juu ya viongozi wa uongo wanaokula kwa migongo ya wafuasi. Nakubali kwamba imo dhihaka, tena yenye makali, na mwalimu yeyote anayehesabu wafuasi wake kuliko anavyohesabu mafunzo aliyowapa angefaa aitazame na ajitahayari. Walakini dhihaka hufaa pale mwenye kudhihaki anaposimama nje. Hapa mchezaji ndiye kiongozi wa uongo, na kila anapozidi hila hupewa zawadi. Mtu mzima mwenye akili zake ataicheka na kuifahamu. Mtoto wa miaka 10 atajifunza kwamba watu ni kondoo na dini ni chombo cha kuwakamua. Kampuni haikuficha kilichomo. Mzazi ndiye asiyesoma, akatosheka na macho makubwa ya mwanakondoo.

KARATA NA PAKITI

Nimalizie mifano kwa jambo la kamari, maana hapa watu wamechanganyikiwa. Mwaka 2024 ulitoka mchezo uitwao Balatro, wa Mkanada mmoja asiyetaja jina lake la kweli. Ni mchezo wa karata wenye mikono ya poka, lakini hakuna fedha inayowekwa wala mtu wa pili wa kuliwa. Ni hesabu ya alama tu dhidi ya mashine. Bodi ya Ulaya inayopanga umri wa michezo, PEGI, iliupa umri wa miaka 18 kwa sababu ya sura ya kamari, kisha Februari 2025, baada ya rufaa, ikaushusha hadi 12.

Katika mwaka huo huo wa 2024, mchezo mkubwa wa mpira wa kampuni ya EA, uliokuwa ukiitwa FIFA na tangu 2023 ukaitwa EA Sports FC, ulikuwa na alama ya umri wa miaka 3. Ndani yake huuzwa pakiti za wachezaji kwa fedha za kweli, na mnunuzi hajui atapata nani mpaka afungue. Ubelgiji ililiona hili mapema: Aprili 2018 tume ya nchi hiyo inayosimamia kamari ilisema kwamba pakiti za bahati za FIFA 18 zavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 kampuni ikasimamisha uuzaji wa pointi zake nchini humo.

Tazama basi jinsi jina na sura zinavyomdanganya hata hakimu. Penye picha ya karata bila ya fedha pakawekwa miaka 18; penye fedha na bahati bila ya picha ya karata pakawekwa miaka 3. Kiini cha maisiri ni mali kutoka mkononi kwa kutegemea bahati. Kwa kipimo hicho, mchezo wa mpira ndio unaofaa kuogopewa zaidi, hasa kwa kuwa mlango wake ni mpira tunaoupenda sote. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu ni simu ya baba yenye fedha ndani. Kuhusu Balatro, wanazuoni wana maneno yao juu ya kete na karata, na hapa si mahali pa kuyarefusha. Kwa upande wangu siupendi kwa watoto, kwani humpa mkono mapenzi ya karata kabla akili haijapata hadhari yake. Lakini mwadilifu hasemi kwamba ni kamari hali ya kuwa si kamari.

HUENDA MTU AKASEMA

Huenda mtu akasema: Maalim, kwa nini kujisumbua? Wakati ni amana, na michezo yote ni upotezaji wa wakati. Mpe mtoto kitabu. Nasema: mpe kitabu, naam, na umsomee. Lakini katika nyumba nyingi simu imekwisha ingia, nasi hatuulizwi tena kama iingie. Twaulizwa mtoto atashika kipi. Anayekataza vyote kwa neno moja huwa amejinyima haki ya kukataza kimoja, kwani mtoto aliyeona kwamba baba hatafautishi shamba la Stardew na kundi la mwanakondoo hatamwamini anaposema hili ni baya. Katazo lenye ujuzi lina nguvu. Katazo la ujinga humfunza mtoto kujificha.

Wala nisimdanganye msomaji kwamba kila mchezo wa mtungaji mdogo ni lulu. Mingi ni nakala ya nakala. Iko inayouzwa ikiwa bado haijakamilika, mnunuzi akaahidiwa kwamba itamaliziwa mbele ya safari. Iko inayovaa huzuni kama vazi ili isifiwe na wahakiki, na ndani hakuna kitu. Udogo si ubora, kama vile ukubwa si ubora. Bali aliye mdogo, akisema kweli, huisema bila ya kuomba ruhusa.

Basi nasihi yangu kwa wazazi ni fupi. Kaa na mtoto nusu saa ya kwanza ya kila mchezo mpya, utazame mikono yake badala ya picha. Soma alama ya umri, lakini usiitegemee peke yake, kwani umeona inavyoweza kukosea. Usiunganishe simu ya mtoto na fedha yako. Wekeni mwisho wa kucheza kabla ya kuanza, hasa kwa mchezo usio na mwisho wake. Na kwa kijana aliyekwisha balehe na kufahamu, msiogope kumpa mchezo mzito kama ule wa afisa wa mpakani, kisha mkae barazani mumuulize: ulimpitisha yule mwanamke, au ulimrudisha? Na kwa nini?

Swali hilo moja, likiulizwa kwa upole, laweza kufungua mazungumzo ambayo hotuba kumi hazikuyafungua. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kutazama kabla ya ndimi za kuhukumu. Wabillahi tawfiq.